Ushauri: kalenda ya ufalme wangu wa kubuni inanishinda

Mtunzi_Entebbe: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Naandika riwaya ya ufalme wa kubuni, visiwani. Mwaka nimeupa siku 360, miezi 12, wiki ya siku 10. Usingizi sipati kwa hesabu. Miezi ibaki 12 au niongeze?

MamaSenene: Anza na misimu. Sisi watu wa ikweta tuna mvua za Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Waganda Novemba wameiita Museenene, kwa ajili ya senene. Juzi nimenunua kikombe Masaka kwa bei ya kuku, na hata mabawa hawajanyonyolewa!

Boda_wa_Arua: Wiki ya siku 10, Jumapili inafika lini? Wafaransa walianza hiyo 1793, Napoleon akaifuta kalenda nzima kuanzia 1806.

Ustadh_Bombo: Miezi ni kumi na miwili, soma Surat Tawba. Kijana, badala ya kumpangia Mola wakati, nenda kaswali.

HesabuTu: Huko angani kuna mwezi mmoja? Wetu huandama kila siku 29 na nusu, mara 12 ni 354. Siku zako 6 zinakwenda wapi?

Mtunzi_Entebbe: Ipo miwili. Mdogo hupevuka kila siku 30, mkubwa kila siku 45, na yote hupevuka siku ya mwaka mpya. Sikutaja kwa sababu niliona haihusiani. Malkia anatawazwa tarehe 15 mwezi wa tatu, yote ikiwa mipevu.

HesabuTu: Haihusiani?! Hiyo hukutana kila siku 90, yaani tena tarehe 1 mwezi wa nne. Siku yako ni ya 75: mdogo karibu unazama gizani, mkubwa ni kipande tu. Malkia atatawazwa kwa tochi. Sogeza sherehe.

Mtunzi_Entebbe: Haiwezekani. Kalenda yenyewe iko Nasser Road inachapwa, nimeshalipa nusu. Halafu wasomaji hawapigi hesabu.

HesabuTu: Mimi nimepiga.

Boda_wa_Arua: Ngoja kwanza. Riwaya haijaisha, kalenda ya ukutani inachapwa ya nani?

Mtunzi_Entebbe: Kuna kikundi chetu, wameagiza. Tunakutana kila siku ya kumi.

Shangazi_Mbarara: Kila siku ya kumi! Hapo hakuna riwaya. Sisi wa huku hatujasahau Kanungu. Waumini wa dhehebu moja huko waliambiwa dunia inaisha mwaka 2000 ukiingia, ukaingia salama, na Machi mamia wakafia motoni. Mwanangu, huko mnatoa sadaka?

Mtunzi_Entebbe: Shangazi, ni riwaya! Tunachangia chai tu.

Boda_wa_Arua: Chai shilingi ngapi?

MamaSenene: Na huyo malkia ni mkeo?

HesabuTu: Mwacheni. Ndugu, mpigie mchapaji simu leo, abadilishe tarehe moja tu.

Mtunzi_Entebbe: Tarehe haibadiliki. Je, nikiongeza mbalamwezi ya tatu?