Nataka kuikata upya Dune ya 1984, minong'ono inanishinda

Mkasi_Butu

Wakuu salama? Naombeni msaada, na tafadhali mtu asianze na "si uangalie zile mpya tu", zile mpya nimeziona na nimezipenda, ila roho yangu iko kwenye ile filamu ya David Lynch, ya 1984, yenye Kyle MacLachlan (ndiye Paul, shujaa wa sayari ya jangwa) na Sting. Najua ina kasoro, tena sio ndogo, lakini ina kitu sijakiona pengine popote, yale majumba mazito, yule Baron, adui mkuu, anavyoelea na majipu yake usoni, yani unaangalia kama unaota huku una homa.

Sasa iko hivi. Nina Blu-ray ya toleo la kwenye majumba ya sinema, dakika 137, na nina DVD ya lile refu la televisheni la 1988, lile Lynch alilolikataa mpaka jina lake likatolewa, wakaweka majina ya bandia, kwenye mwongozaji Alan Smithee na kwenye mwandishi Judas Booth. Nataka nichanganye hizo mbili nipate toleo langu la kuangalia mwenyewe. Kubwa ninalotaka ni kutoa ile minong'ono ya mawazo. Walioiona wanajua, kila mtu kwenye ile muvi akiwaza kitu lazima tumsikie kichwani kwake, hata kama sura yake imeshasema, inachosha jamani. Halafu nirudishe baadhi ya sini zilizokatwa, hasa ile ya Maji ya Uhai, na ile mvua ya mwisho iondoke kabisa.

Nimeanza na minong'ono nimekwama wiki ya pili sasa. Nikikata kipande chenye mnong'ono muziki unaruka kama CD iliyokwaruzwa. Nikiacha picha nikazima sauti inakuwa kama mtu kaniziba masikio ghafla. Nyie mnafanyaje?

Bibi_Taimulaini

Karibu kwenye ugonjwa wetu mwanangu, dawa yake hakuna.

Kosa lako ni moja tu, unakata picha wakati tatizo liko kwenye sauti. Acha picha kama ilivyo kwanza. Blu-ray yako ina sauti ya chaneli sita, mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za nyuma na ile ya besi. Kwa kawaida maneno ya watu wanayaweka chaneli ya katikati, muziki unatandazwa kushoto na kulia na nyuma. Zitenganishe hizo chaneli kwenye taimulaini (ule mstari wa kupangia vipande kwenye programu ya kukatia) kila moja na mstari wake, halafu pale penye mnong'ono shusha ya katikati peke yake. Muziki utaendelea kutembea kama hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza nilipofanya hivi (sio kwenye hii muvi, nyingine) nilisimama kwenye kiti.

Sasa utagundua na nyayo zimepotea, na kitambaa kinavyosugua, na mlango, kwa sababu navyo mara nyingi vinakaa hapohapo katikati. Ndio maana unasikia kama umezibwa masikio. Kila chumba kina mlio wake hata kikiwa kimya. Tafuta sekunde mbili tatu za sini hiyohiyo ambazo hakuna anayeongea wala kunong'ona, nakili, zitandaze chini ya lile shimo, ncha zote mbili zififie taratibu. Nyayo unaziiba sini nyingine. Mnong'ono ukiwa umevuja mpaka kushoto na kulia jaribu zile programu za siku hizi za kutenganisha sauti ya mtu na muziki, zinasaidia ila zinaacha kama mlio wa maji kwa mbali, kwahiyo funika na muziki wenyewe, albamu ya Toto, bendi iliyotengeneza muziki wa hii muvi, ipo, nunua, utapata baadhi ya vipande bila maneno juu yake.

Lakini kabla hujachinja minong'ono yote nikuulize, umeshakaa ukaiandika yote kwenye karatasi? Kaa uiandike. Ile haikuwekwa kwa uvivu. Kitabu cha Frank Herbert kinaingia kichwani kwa kila mtu, ukurasa mmoja unawaza na mama, aya inayofuata unawaza na msaliti, na Lynch alijaribu kulibeba hilo. Kuna minong'ono ya takataka na kuna mingine ndiyo inayoshikilia sini. Mfano wa takataka: Kynes, yule mtaalamu wa sayari, anamuona Duke, baba yake Paul, anaacha spaisi (ile dawa ya thamani inayochimbwa jangwani) ipotee ili aokoe watu wake, halafu tunamsikia anawaza kwamba anampenda huyu Duke. Max von Sydow ndiye anayemcheza! Sura yake imeshamaliza kazi, hapo kata bila huruma. Ila Paul akiwa ameingiza mkono kwenye lile sanduku la maumivu, anajisomea kimoyomoyo yale maneno ya kuhusu hofu, ukiyatoa hayo unabaki na kijana anakunja uso tu.

Reli_ya_Zamani

Mimi nitaonekana mbaya ila acha niseme. Mwacheni marehemu apumzike. Lynch amefariki Januari 2025, akiwa hai hakutaka kabisa kuirudia hii filamu, ilimuuma, na nyie mnataka kumrudishia yale yale ya 1988, watu wamechukua mabaki yake wakayashona bila yeye. Ukiona filamu mbovu iache mbovu. Ni ya mwenyewe.

Bibi_Taimulaini

Reli nakuheshimu sana ila hapo kwenye "ni ya mwenyewe" ndipo penye mgogoro. Hii hakuwa na mamlaka ya mkato wa mwisho, yaani kuamua toleo gani litoke, yeye mwenyewe amelisema hilo kwa uchungu miaka yote. Kwahiyo unalinda mkato wa nani?

Reli_ya_Zamani

Nalinda uliooneshwa Desemba 1984. Watu walilipa wakauona huo, wakaupenda au wakauchukia, huo ndio uliotokea. Nyie mkiendelea hivi baada ya miaka hamsini hakuna atakayejua kilichotokea ni kipi. George Lucas mwenyewe mwaka 1988 alikwenda kusimama mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu kuharibu filamu za zamani, 1997 akafungua Star Wars akaanza kuongeza mijusi ya kompyuta, na leo mashabiki ndio wanahangaika na mikanda ya milimita 35 kutafuta ile ya 1977 ilivyokuwa.

FremuMoja

@Reli lakini hao wanaohangaika na mikanda si ndio sisi sisi hahaha. Anayekata upya na anayerudisha ya zamani wanatumia mkasi mmoja. Afu hata wakubwa wanafanya, Steven Soderbergh 2015 aliikata filamu ya Kubrick inayoitwa 2001: A Space Odyssey akaifikisha dakika 110 akaiweka kwenye tovuti yake, wenye haki wakamwambia toa, akatoa. Ya asili haikupungua hata fremu moja.

Mkasi mimi nakuja kwenye picha maana naona hakuna aliyekuonya na hapa ndipo wengi wanapofia. Kabla hujaweka DVD na Blu-ray kwenye taimulaini moja angalia kasi ya fremu. DVD ya Marekani ni 29.97, zile fremu 24 za filamu zimenyooshwa kwa kurudiarudia nusu fremu, utaona mistari kama meno ya kitana kwenye kitu chochote kinachotembea. Irudishe kwanza 23.976 ifanane na Blu-ray, ndio uanze kukata, usikate kwanza ukasema utarekebisha baadaye, hakuna baadaye. Kama DVD yako ni ya Ulaya basi ni fremu 25, filamu nzima inakimbia zaidi kwa asilimia 4, zile dakika 137 zinageuka kama 131 na nusu na watu wote wanaongea kwa sauti ya juu kidogo. Mimi nilishawahi kukesha nashangaa kwa nini midomo inapishana na maneno, kumbe ndio hiyo.

Ukali wa picha usijidanganye. 720 kwa 480 ya DVD haitakuwa 1920 kwa 1080 ya Blu-ray hata uiombee. Wengi wanaipandisha kwa programu za akili bandia mpaka ngozi za watu zinakuwa kama nta. Fanya kinyume, iache laini, rekebisha rangi zifanane, halafu mwaga punje za filamu juu ya zote mbili, jicho linasamehe kuliko unavyofikiri.

Na macho! Kwenye zile sini zilizorudishwa 1988 utakuta Fremen (wenyeji wa jangwani, spaisi inawafanya macho yawe bluu) wengine hawana bluu machoni, zile shoti zilitupwa kabla watu wa kuongeza bluu hawajazigusa. Ukiziweka karibu na za sinema inaonekana mtu amepona ugonjwa katikati ya mazungumzo. Programu ya kukatia ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, inaweza, unachora duara kwenye mboni, unaliambia lifuate jicho, unapaka. Mtu mmoja kasimama ni nusu saa. Umati wa watu pangoni ni wiki yako yote, kwahiyo chagua sini kwa macho, sio kwa mapenzi.

Kobe_wa_Sheria

Fupi tu. Kuwa na diski halali ni sharti la wakataji wengi na ni heshima, ila haimaanishi sheria imekuruhusu. Kwa Marekani kuvunja kufuli la diski kuna sheria yake ya tangu 1998, nchi nyingine zina zake, soma za kwako. Usiuze. Usichangishe hela kwa jina la hiyo kitu. Wanaopata matatizo haraka ni wenye kuuza.

Mchanga_Mtupu

Nimesoma kitabu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na Mkasi kuna kitu umekisema kwa kupita kumbe ndio moyo wa jambo lote. Unataka kurudisha sini ya Maji ya Uhai na unataka kuondoa mvua. Umeyaweka kama mambo mawili. Ni moja.

Ile sini inaonesha nini? Wanamshika mnyoo mdogo, mtoto wa ile minyoo mikubwa ya jangwani, wanamzamisha kwenye maji, anakufa, na anachotema ndio yale Maji. Maana yake mtazamaji amejifunza kwa macho yake kwamba maji yanaua mnyoo. Na bila mnyoo hakuna spaisi, bila spaisi hakuna anayesafiri kati ya nyota, ufalme wote unaanguka. Sasa kwenye toleo la sinema sini hiyo haipo, kwahiyo Paul akileta mvua mwisho wa filamu watu wanapiga makofi. Ukirudisha sini ukaacha mvua, shujaa wako kwa kicheko chake ameua sayari na hakuna hata mmoja anayestuka! Kwenye kitabu mvua hiyo haipo, na sio kwa bahati mbaya.

Kwahiyo ukirudisha moja umejifunga kutoa nyingine. Shida ni yule mtoto Alia, mdogo wake Paul, maneno yake ya mwisho anayasema kama jibu la mvua. Mvua ikitoka anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kuna toleo la mashabiki la karibu saa tatu linaitwa Alternative Edition Redux, liangalie, lakini liangalie ukiwa umemaliza rasimu yako, la sivyo utaiga bila kujijua.

Reli_ya_Zamani

Haya hapo kwenye mnyoo nimekubali, sijawahi kuliona hivyo. Bado sitaki mkate.

Mkasi_Butu

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa naandika minong'ono kwenye karatasi kama bibi alivyoniagiza na niseme ukweli nilitaka kulia, ni mingi, nilipofika nusu ya daftari nikaacha kuhesabu. Ila kazi ilinifundisha kitu, nikiisoma tu kwenye karatasi bila picha nilikuwa najua upi unarudia kilichoonekana na upi unaleta kitu kipya. Ya aina ya kwanza nimeitoa yote. Ya Kynes imetoka, na kweli Max von Sydow hakuhitaji msaada. Ya sanduku imebaki. Na nimebakisha baadhi ya Jessica, mama yake Paul, kwa sababu nilipozitoa zote alikuwa anaonekana mwanamke anayekodoa macho tu bila sababu.

Mbinu ya chaneli ya katikati imefanya kazi karibu kila mahali. Sehemu moja nimeshindwa, ndani ya chombo kinachoruka, mngurumo wa injini nao uko katikati, nikishusha chombo kinazima angani. Nimeuacha mnong'ono ule. Nimeshauzoea.

DVD ilikuwa ya fremu 25. FremuMoja Mungu akuweke.

Mwisho nimekata hivi: Feyd (yule wa Sting, anayepigana na Paul) anaanguka, Paul anasimama, nyuso za watu, upepo, basi. Alia hasemi kitu, nimemuacha anaangalia tu. Jana nikamuonesha mdogo wangu, yeye hajawahi kuiona hii filamu wala kusoma kitabu. Sini ya mnyoo alikunja uso, nikafurahi. Tukafika mwisho, ikaisha, majina yakaanza kupita, akanigeukia akaniuliza "imegoma?"

FremuMoja

HAHAHAHA. Na majina si yanapita juu ya picha za bahari?? Mvua umetoa ila mawimbi yamebaki

Mkasi_Butu

Nililiona hilo saa saba usiku nikafunga kompyuta.

Mchanga_Mtupu

Bahari iache. Caladan ni sayari ya maji, ndiko alikotoka. Mwenye kujua atasema anakumbuka kwao.

Bibi_Taimulaini

Bahari iache kweli, ila hiyo "imegoma" inatibika. Umekata picha na upepo kwa pamoja, sio? Picha ikate hapohapo ulipoikata, upepo uache uendelee kwenye giza sekunde nne hivi, ufifie wenyewe, halafu ndio majina. Jaribu tano pia. Halafu mtafute mtu mwingine wa kumuonesha, mdogo wako ameshaharibika.