Naomba ushauri: dondoo la maganda ya komamanga halimgusi E. coli

Habari zenu ndugu zangu. Nimekwama, naombeni msaada wenu.

Natengeneza dondoo la maganda ya komamanga, nia yangu ikiwa kuzuia juisi isiharibike haraka. Nayakausha maganda kivulini, nayasaga, kisha naloweka gramu 10 za unga kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 24. Nachuja, halafu naivukiza ethanoli kwa nyuzi 45.

Upande wa antioksidanti sina wasiwasi: nikilidondoshea kwenye DPPH (kemikali ya kupimia antioksidanti), ile rangi yake ya zambarau inageuka njano nikiwa natazama. Shida iko kwa bakteria. Kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea bakteria), Staphylococcus aureus anaacha duara safi, lisilo na bakteria, la milimita 14 kuzunguka kidiski chenye dondoo, lakini E. coli anaota mpaka ukingoni kabisa. Najua bakteria wa Gram hasi, kundi la E. coli, wana utando wa nje unaowakinga, ila sikutegemea sifuri. Kidiski cha ethanoli tupu nacho hakikuonyesha kitu, kwa hiyo lile duara ni la maganda kweli. Nimeongeza dozi mara mbili, hali ni ileile, na juisi imekuwa chungu, inakaza ulimi.

Je, inawezekana molekuli za tanini (zile kemikali chungu za maganda) ni kubwa mno kupenya kwenye agari, hivyo nihamie kupima kwa kuzimua dondoo ndani ya kimiminika cha kuoteshea bakteria? Na kuna aliyewahi kulichanganya na asidi ya sitriki, akamdhibiti E. coli kwa dozi ndogo isiyoharibu ladha?

Natanguliza shukrani.