Nitajuaje miwani ya jua ni polaraizi kweli, sio stika tu?

Lori_la_Kusini: Habari zenu wakuu. Naendesha lori Dar–Lindi, sasa mvua ikikatika jua likatoka lami inawaka mpaka macho yanatoka machozi. Nimeambiwa nitafute miwani ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, nimezunguka Kariakoo kila meza ina stika hiyo, ya elfu tano ipo, ya elfu themanini ipo, ukivaa giza ni lile lile. Napimaje palepale kabla sijatoa hela? Macho ndo ajira yangu jamani.

FundiLenzi: Mkuu nenda na kalkuleta ya kawaida, zile za namba nyeusi. Shika miwani mbele ya jicho moja, angalia namba kupitia lenzi huku unaizungusha taratibu kama usukani. Kama ni polaraizi utafika mahali skrini inakuwa nyeusi tii, ukiendelea inarudi. Kama sio, zungusha mpaka kesho haibadiliki kitu. Pima lenzi zote mbili.

Mama_Twins: Mbona mimi nimejaribu kwenye simu haijawa nyeusi, imebadilika rangi tu?

FundiLenzi: Simu dada yangu zinachanganya, nyingi siku hizi zimewekewa utando ili mwenye miwani aweze kusoma. Ndo maana nimesema kalkuleta, au laptopu.

Nahodha77: Sisi wa baharini tunaangalia maji tu. Vaa, tazama dimbwi au kioo cha duka chenye mng'ao, halafu laza kichwa begani. Mng'ao uliokuwa umepotea ukirudi basi hiyo ndo yenyewe, kwa sababu mwanga ukigonga maji au lami unarudi mwingi wake umelala, yaani unatikisika kwa mlalo, na lenzi imetengenezwa kupitisha unaotikisika kwa wima. Mimi nikivaa yangu naona mpaka samaki chini, bila hiyo naona mng'ao mtupu.

Daktari_Mtarajiwa: Naomba niongeze hapa maana watu wanaumia, polaraizi na kinga ya UV (miale ya jua isiyoonekana inayoumiza macho) ni vitu viwili tofauti!! Miwani inaweza kukata mng'ao na isizuie UV, na lenzi nyeusi isiyo na kinga ni hatari maana mboni inatanuka gizani na kuingiza UV zaidi. Tafuta UV400, yaani inazuia miale ya UV yenye urefu wa wimbi mpaka nanometa 400, na stika usiiamini, maduka mengi ya miwani wana kimashine cha kupimia, omba wakupimie. Na usiku usivae kabisa kaka, hata wakikwambia ni ya usiku.

Lori_la_Kusini: Mbarikiwe sana wakuu. Leo nimeenda na kalkuleta, ya tatu kupima ndo ikawa nyeusi, nimechukua hiyo. Ila nikivaa naona madoadoa kwenye vioo vya madirisha ya pembeni ya gari, ni feki nini?

FundiLenzi: Hapana mkuu, vioo vya madirisha ya pembeni vinapikwa kwa joto kali na kupozwa ghafla ili viwe vigumu, hayo madoa ni alama za ule mkazo na bila polaraizi ni shida kuyaona. Ila cheki na skrini ya dashibodi, zingine zinafifia ukivaa.

Lori_la_Kusini: Dashibodi inasomeka fresh.