Naomba ushauri: mjomba hajaongea nasi tangu ndizi na chungwa, na sasa wakwe wanamtaka

MwanaHuruma (Jumatatu, saa 3:14 usiku)

Wazee wa kijiji, hamjambo. Nimesoma hapa miaka mingi bila kuandika. Leo nimekwama.

Ninaoa. Wakwe zangu ni watu wa Bungoma. Tulienda kujitambulisha mwezi jana, tukapokelewa vizuri, tukala, tukacheka. Tukiwa tunaagana, mzee wao akauliza swali moja tu: "Mjomba wa huyu kijana yuko wapi?" Baba akasema ana shughuli. Mzee akajibu si neno, ila siku ya mahari wanataka kumwona, kwa sababu kwao neno halifungwi bila mjomba. Siku yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama ni wa Vihiga, baba ni wa Murang'a. Mama ana ndugu mmoja tu wa kiume. Yeye na baba walikuwa na kinu cha kusaga mahindi hapa Huruma, nusu kwa nusu. Mwaka wa 2005 ikaja kura ya maoni ya katiba. Baba akawa wa Ndiyo, mjomba akawa wa La. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hawasalimiani mpaka leo. Mara ya mwisho kumwona mjomba kwa macho yangu alikuwa amevaa fulana ya kijani. Aliniona, akanigeuzia mgongo.

Swali langu: niwaeleze nini wakwe ili wakubali mjomba asipokuja, bila sisi kuonekana familia ya magomvi? Tafadhali msiniambie niwapatanishe wazee. Hilo lilishindikana zamani.

Fundi_Pipeline (saa 3:31 usiku)

Waambie yuko Qatar. Siku hizi kila boma lina mtu Qatar, hakuna atakayeuliza la pili.

MamaWatatu_Umoja (saa 3:40 usiku)

Fundi, usimpoteze kijana wa watu. Mwanangu, usianze ndoa kwa uongo mbele ya wazee. Watu wa Bungoma wana jamaa kila mtaa wa Nairobi. Wakitaka kujua mjomba wako anakaa wapi, kufikia Ijumaa watakuwa wameshajua na anachokula jioni.

Halafu mbona umemtaja baba, mjomba na wakwe, lakini mama yako hujatuambia anasema nini? Huyo ni ndugu yake wa tumbo moja.

MwalimuMstaafu (saa 4:02 usiku)

Umenikumbusha mbali. Mwaka huo nilikuwa nafundisha Eastlands, na sijaona tena watu wazima wakinuniana vile kwa sababu ya matunda. Vijana wengi hapa hawakumbuki. Wajumbe wa mkutano wa katiba walikaa Bomas, Nairobi, wakatoa rasimu. Wabunge wakaipeleka Kilifi, ikabadilishwa, hasa upande wa mamlaka ya waziri mkuu na rais, na iliyotoka huko tukaiita rasimu ya Wako, jina la mwanasheria mkuu wa wakati huo. Tume ya uchaguzi ikagawa alama ili asiyejua kusoma asipotee: ndizi ni Ndiyo, chungwa ni La. Basi watu wakaacha kuuliza rasimu inasema nini. Wakawa wanauliza wewe ni ndizi ama chungwa, na jibu lako likawa linawaambia unatoka wapi hata kabla hujataja jina.

Karibu na shule yetu palikuwa na mama aliyeuza matunda. Akiweka ndizi mbele anatukanwa, akiweka machungwa mbele anatukanwa. Wiki mbili za mwisho aliuza maparachichi peke yake.

Novemba 21 tukapiga kura. La ikashinda kwa asilimia 58 hivi. Siku mbili baadaye rais Kibaki akavunja baraza la mawaziri. Katika chumba chetu cha walimu, wawili waliokuwa wakichangia chai tangu miaka ya tisini walianza kuja kila mmoja na chupa yake.

DerevaWaUsiku (saa 4:20 usiku)

Na mlitaka kuturudisha kule kule na BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba tena. Namshukuru Mungu Mahakama ya Juu iliizima Machi 2022. Mimi na shemeji tulikuwa tumefika mahali pa kurudishiana vyombo.

Fundi_Pipeline (saa 4:26 usiku)

Dereva, BBI ilikuwa na mazuri yake. Pesa za kaunti zingeongezeka. Tusianze.

DerevaWaUsiku (saa 4:29 usiku)

Ni wewe umeanza.

Mpemba_SouthB (saa 4:45 usiku)

Ndugu zangu, kura ya maoni si lazima igawe watu. Kwetu Zanzibar ilituponya. Julai 31, 2010 tuliulizwa kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Kabla ya hapo, Pemba palikuwa na misikiti iliyogawanyika, na watu wa chama kimoja hawakwenda kwenye maziko ya watu wa chama kingine. Lakini angalieni mpangilio wake: Rais Karume na Maalim Seif wa upinzani walikaa kwanza wakazungumza, Novemba 2009, ndipo wananchi wakaulizwa. Baadaye, 2015 matokeo ya uchaguzi yalipofutwa, tulirudi kubaya, sikatai. Ila ule mwaka mmoja nilimwona baba yangu akila futari nyumba ambayo hakuwa ameikanyaga tangu 1995.

Kijana, hujajibu alilouliza Mama.

MwanaHuruma (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Asanteni. Mama hasemi chochote. Kila Krismasi huenda peke yake kumwona mjomba, anabeba sukari na kitenge, anarudi jioni na sisi hatumwulizi. Mjomba yuko Kangemi, ana kinu chake huko.

Wanaodhani ni jambo dogo niwaeleze. Asubuhi matokeo yalipotangazwa, mjomba aliweka gunia la machungwa mlangoni pa kinu. Kila mteja aliyeleta mahindi alipewa moja. Baba alikuja akasimama, akawatazama wanawake wakimenya machungwa kwenye kinu chake, maganda yakianguka ndani ya unga uliomwagika. Hakusema neno. Kufika Desemba waligawana. Mjomba akachukua mota, baba akabaki na kinu. Kilikaa uani kwetu miaka mitatu, kuku wakitaga ndani yake, mwishowe baba akakiuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

MfukoWaMakaa (Jumanne, saa 2:15 asubuhi)

Samahani, hii ni hekaya. Someni tena alichoandika mwanzo. Ugomvi ni wa 2005, na mjomba amevaa fulana ya kijani. Mwaka wa 2005 hakukuwa na kijani! Kijani ya Ndiyo na nyekundu ya La ni za kura ya katiba ya 2010. Na 2010 rais Kibaki na waziri mkuu Raila walikuwa jukwaa moja wakiomba Ndiyo, kwa hivyo wa Murang'a na wa Vihiga wengi wao walikuwa kijani pamoja. Mjomba wa La alivaaje fulana ya Ndiyo? Umechanganya kura mbili. Unatunga kisa upate wasomaji.

Fundi_Pipeline (saa 2:19 asubuhi)

Aisee. Na hilo gunia la machungwa pia lilikuwa tamu kupita kiasi.

MamaWatatu_Umoja (saa 2:40 asubuhi)

Kama ni hekaya ama si hekaya, kijani na nyekundu mimi nayajua, maana nilikuwa Nyekundu. Nilikuwa Uhuru Park Juni 13, 2010, kwenye maombi ya makanisa ya kupinga ile katiba. Jioni, tukiwa tunamaliza, nikasikia mlipuko wa kwanza, kisha wa pili. Watu sita walikufa. Nilikimbia na kiatu kimoja mpaka Kenyatta Avenue.

Nilipofika nyumbani, jirani yangu Mwislamu alikuwa kwa mlango wangu na maji ya moto na chumvi, amesikia redioni. Sikumfungulia. Tulikuwa tumeambiwa kanisani kwetu kwamba katiba hii inaleta Mahakama za Kadhi, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Baadaye sana ndipo nikaambiwa Mahakama za Kadhi zilikuwa kwenye katiba ya zamani pia, tangu uhuru. Kumbe niliishi nazo maisha yangu yote bila kuumwa hata jino. Jirani alihama 2012. Nambari yake ilibadilika. Mpaka leo kila Idd mimi huangalia mlango.

Kijana, jibu la fulana. Mimi nataka kukuamini.

MwanaHuruma (saa 7:05 mchana)

MfukoWaMakaa, sijachanganya. Nilisema ugomvi ulianza 2005. Fulana ni ya 2010, Agosti 27, siku katiba mpya ilipotiwa saini Uhuru Park. Nilikuwa kidato cha tatu, nimeenda na wenzangu kuona ndege za jeshi zikipita. Mjomba alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, na fulana ya Ndiyo. Baba yangu pia alikuwa amepiga Ndiyo. Safari hii walikuwa upande mmoja, na wakubwa wao walikuwa wamekaa pale mbele pamoja. Nilimwita. Aligeuka, akanitazama vizuri, akanipa mgongo.

Sasa niendelee na swali langu. Ukweli ni kwamba mipango iko karibu kukamilika. Kuna mzee Kariobangi, alikuwa jirani yetu, ni wa Kakamega, anajua kuongea mbele ya watu. Amekubali kusimama kama mjomba siku hiyo. Nimempa 5,000 za koti na viatu. Wakwe hawajawahi kumwona mjomba, hakuna anayeumia. Nilitaka tu kujua kama kuna aliyewahi kufanya hivi.

DerevaWaUsiku (saa 7:11 mchana)

Kumbe hukuja kuomba ushauri. Umekuja na koti limeshanunuliwa.

Fundi_Pipeline (saa 7:15 mchana)

Mzee wa Kakamega mbele ya wazee wa Bungoma! Watamuuliza ukoo, kijiji na mto wanakochota maji, kwa lugha wanayoisikia vizuri. Afadhali ungeenda na Qatar yangu.

MwanaHuruma (saa 7:30 mchana)

Si mjomba wa uongo, ni wa kusaidia. Hata harusini watu husimamiwa na wazazi wa kanisa. Na mzee tumeshamfundisha majina ya ukoo.

MwalimuMstaafu (saa 9:48 alasiri)

Nimefundisha watoto miaka 33, na najua mtoto anapozungukazunguka swali. Mjomba alikosana na baba yako kwa sababu ya kura. Hiyo tumeelewa. Lakini 2010 ulikuwa mtoto wa shule. Mtu mzima hampi mpwa wake mgongo kwa kura iliyopigwa na babake, tena mkiwa mmevaa rangi moja. Na mama yako anamtembelea, kwa hivyo hakuikataa familia. Katikati ya 2005 na 2010 kuna mwaka umeuruka. Wewe ulimfanya nini mjomba wako?

MfukoWaMakaa (saa 10:02 alasiri)

Hapo umegonga, Mwalimu. Ajibu hilo.

MwanaHuruma (saa 5:37 usiku)

Nimeandika na kufuta mara nyingi.

Ilikuwa Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi mkuu. Mama alikuwa Vihiga alikoenda Krismasi, barabara zimefungwa, hawezi kurudi. Nilikuwa na miaka 14, nimetoka tu kufanya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Upande wetu wa Huruma watu wa kwao mama walikuwa wanatolewa kwenye nyumba usiku. Mjomba alikuwa bado anakaa mitaa miwili kutoka kwetu.

Alikuja kama saa nne usiku. Aligonga geti polepole, vile alivyokuwa akigonga zamani. Alikuwa na mke wake, watoto wawili, na godoro limefungwa kwa kamba. Niliwaona kupitia tundu la geti. Baba alikuwa nyuma yangu kwenye kizingiti. Nilimtazama aniambie nifanye nini. Hakusema fungua, hakusema usifungue. Aliangalia chini.

Mjomba akaniita jina langu. Nikasema, "Baba hayuko."

Alinyamaza kidogo. Aliweza kuona taa ya chumbani na viatu vya baba mlangoni. Akasema, "Sawa, mjomba." Aliniita hivyo siku zote, tangu nikiwa mdogo, mjomba kwa mjomba. Nikasikia wakiburuta godoro. Walilala nje kwa chifu na watu wengine wengi, na yule mtoto mdogo aliugua kifua mwezi mzima.

Baba na mimi hatujawahi kulizungumza. Mama sijui kama anajua. Ndiyo maana siwezi kwenda Kangemi. Si kura.

Mpemba_SouthB (saa 5:52 usiku)

Ulikuwa mtoto, mwanangu. Aliyekuwa mtu mzima mle ndani ni mwingine.

DerevaWaUsiku (saa 5:58 usiku)

Mimi usiku ule ule nilikuwa nikiwabeba watu kutoka Mathare kwenda Jamhuri Park. Sitasema zaidi. Pole.

MfukoWaMakaa (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Nafuta neno langu la hekaya. Nilikuwa upande ule mwingine wa geti, mtaa mwingine, nyumba nyingine. Tuligonga tatu, ya nne ikafunguliwa. Nyumba zile tatu nazikumbuka kwa rangi za mageti. Mmoja angekuja, hata leo, sijui ningemwambia nini, lakini ningetaka aje.

MamaWatatu_Umoja (saa 12:41 asubuhi)

Mama yako anajua. Kwani sukari ya kila Krismasi unadhani ni ya nini?

Usimpigie simu. Nenda. Usiende na baba, usitaje mahari siku ya kwanza. Kama atakuja Bungoma au hatakuja, hilo litaulizwa baadaye. Na wakwe uwaambie ukweli, kwamba mjomba yupo na kuna jambo bado linazungumzwa. Wazee hao wameona mengi.

Fundi_Pipeline (saa 12:50 asubuhi)

Na koti la mzee wa Kariobangi?

MwanaHuruma (saa 1:33 asubuhi)

Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia akae na koti, lakini Jumamosi asije. Ameuliza kama amekosea majina ya ukoo. Nimemwambia hapana.

Sijasema ninaenda. Sijui hata nitasimama wapi nikifika, ni mahali pa biashara, pana watu. Labda nisubiri wikendi. Vinu vya Kangemi hufunguliwa saa ngapi?

MwalimuMstaafu (saa 1:40 asubuhi)

Saa moja kamili. Wanawake huwa wameshapanga ndoo kufikia saa kumi na mbili unusu. Beba mahindi kilo mbili, usimame kwenye mstari kama mteja.

MwanaHuruma (saa 1:58 asubuhi)

Mahindi ninayo.