Shangazi kafika Mbozi

Ukoo wa Babu

Shangazi Tunu: 📷 Picha
Tumepita Mbozi tukielekea Tunduma. Kimondo hicho hapo. Nimekigusa kwa mkono wangu, chuma kitupu!

Juma: Duh! Tani ngapi?

Shangazi Tunu: Wanakadiria 16. Urefu mita 3 hivi.

Bibi: Si ndiyo ile nyota iliyoanguka? Sasa nyota gani ya chuma, Tunu?

Baba Neema: Shikamoo mama. Si nyota. Vimondo vingi vya chuma ni tumbo la kisayari kilichovunjika kabla hakijakua.

Bibi: Marahaba. Kilivunjwa na nini?

Baba Neema: Miaka bilioni 4.6 iliyopita hapa palikuwa na wingu tu, gesi na vumbi. Likajivuta kwa uzito wake, likazunguka kwa kasi, likalala bapa kama sinia. Zaidi ya asilimia 99 ya vitu vikaishia katikati, ndiyo Jua. Sayari zote hizi ni masazo.

Neema: Masazo 😂

Juma: Vumbi linageukaje sayari?

Neema: Chungulia chini ya kitanda chako. Yale mabonge nani kayafinyanga?

Shangazi Tunu: 😂😂😂

Baba Neema: Ndivyo hivyo. Likashikana, yakawa mabonge ya kilomita na kilomita, yakaanza kuvutana. Mengine yakapata joto hadi yakayeyuka, chuma kikazama katikati, mawe yakabaki juu.

Bibi: Kama mchuzi ukitulia, mafuta juu.

Baba Neema: Hapohapo mama! Halafu yakagongana. Dunia ilikua kwa kugongwa hivyo. Mengine yakapasuka, chuma cha ndani kikabaki kinazurura.

Juma: Kwa hiyo hata chini ya nyumba yetu kuna chuma?

Neema: Kilomita 2,900 kwenda chini. Chuma na nikeli, kama hicho cha Shangazi. Chukua jembe.

Juma: Na Mshtarii mbona gesi tupu?

Baba Neema: Iko mbali na Jua, huko maji yaliganda, kwa hiyo vya kujengea vilikuwa tele. Ikanenepa mapema, ikajizolea gesi kabla haijapeperuka. Tena ndiyo iliyovuruga mabonge yaliyo kati yake na Mirihi, hadi leo hayajaungana.

Bibi: Mkubwa kawanyima wadogo. Nawajua watu wa hivyo.

Shangazi Tunu: Mama jamani 🙈

Bibi: Niletee kipande basi.

Shangazi Tunu: Cha kimondo?? Nifungwe! Nakuletea kahawa ya Mbozi.

Bibi: Kilo mbili.