Familia za waliopotea Lamu, kaunti iwape fungu ama isiwape?

Mkunguni: Nauliza hivi, familia ambazo mzee wa nyumba alichukuliwa usiku na hajarudi, hasa Waboni wa Basuba na Wabajuni wa visiwani, kaunti iwatengee fungu la pesa au waendelee kula kwa majirani? Nina jirani yangu mumewe huu mwaka wa nne, kikoi chake akifua kila Alhamisi akianika, jioni akikunja. Mjane si mjane. Sheria yataka miaka 7 ndo mtu ahesabiwe amekufa, bila cheti hela za benki haziguswi, na watoto washafukuzwa skuli mara mbili muhula huu.

Jamaa wa Mpeketoni: Mbona Boni na Bajuni tu? Juni 2014 kwetu Mpeketoni tulishambuliwa, waliuliwa zaidi ya 60, sisi si watu? Na Bajuni mnyonge tangu lini, si ndo wamejaa maofisini.

Faza Yetu: Wee! Ofisi gani, itaje hapa. Mlikuja juzi na skimu ya serikali ya kugawa mashamba, Lake Kenyatta, mkapewa hati, babu yangu kafa skwota kwao.

Jamaa wa Mpeketoni: Juzi miaka ya 70? Babangu kazikwa hapa bana.

Bi Kiunga: Mwabishania mashamba nyinyi mlonayo. Na hao wenyewe wajiita Waaweer, Boni ni jina la kubandikwa. Tangu ile operesheni ya wanajeshi ya 2015 kuingia msituni ni roho mkononi, na asali ndo ilokuwa benki yao.

Malindi Mjini: Kaunti itawapa unga na kuwapiga picha. Msitu wa Shakahola, wale waumini waloambiwa wafunge mpaka wafe, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, jamaa zao wakaanza kukabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima wangoja DNA nje ya mochari. Na hapo miili ipo! Nyinyi hata kaburi hamna. Kenya ilitia saini ule mkataba wa kimataifa wa watu kupotezwa 2007, kuuidhinisha mpaka leo bado, bigeni kelele hapo.

Ustadh Langoni: Hiyo miaka 7 ni ya serikali. Mwanamke Muislamu aende kwa kadhi, ndoa ivunjwe, astirike na mume mwengine.

Mkunguni: Nani kakwambia ataka mume? Nimesema KARO, ustadh.

Ustadh Langoni: Hasira za nini sasa, au wamtaka wewe?

Mkunguni: Astaghfirullah. Kuna mtu hapa ajua mlango wa basari, kwa wadi ama kwa mbunge? Fomu yataka sahihi ya baba.

Faza Yetu: Kwanza yule wa Mpeketoni anitajie ofisi.