Ulinganisho: Morgan, Caterham au nakala ya Cobra, lipi linashika bei likiwa limetumika?

Mwendo_Pole:
Wakuu, salamu. Nimeweka akiba miaka sita ili ninunue gari moja la wazi, la michezo, lenye sura ya kizamani na lililoundwa kwa mikono. Niko huku Uingereza, kwa hiyo ya kuchagua yapo. Nimebaki na matatu: Morgan Plus 8 la miaka ya 1990, Caterham Seven, na nakala ya Cobra, yaani gari lililoundwa kwa kuiga lile la Cobra la miaka ya 1960. Mke wangu anapendekeza Mazda MX-5, maana bei yake iko chini kabisa.

Nimefuatilia matangazo tangu mwaka jana. Magari ya kawaida ya umri huo ni bei ya kutupa, lakini Morgan halishuki. Nataka kuelewa sababu kabla sijatoa hela. Je, hayo mengine nayo yako hivyo?

Binti_Karakana:
Karibu, kaka. Anza na kiwanda chenyewe. Morgan wako mji wa Malvern hapa Uingereza tangu 1909, walianza na magari ya magurudumu matatu. Lile la kwanza la magurudumu manne, 4/4, lilitoka 1936, na umbo lile la boneti ndefu na madigadi yaliyojikunja halijaachwa mpaka leo. Weka Plus 8 la 1970 kando ya la 2000, na asiye mzoefu atakuuliza lipi ndilo jipya. Hapo ndipo ilipo siri. Gari la kawaida linazeeshwa na mdogo wake: toleo jipya likitoka, la jana linaonekana limechoka hata kama halijatembea. Morgan halina mdogo wa kulizeesha.

Pili, wanatengeneza machache. Mwaka 1990 John Harvey-Jones, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, alikitembelea kiwanda mbele ya kamera za BBC. Akawashauri waongeze uzalishaji na waachane na njia za zamani. Walikataa. Wakati huo foleni ya wateja ilikuwa ya miaka kadhaa. Sasa fikiria mtu aliyelipa amana na anasubiri zamu yake. Wewe unalo uani, limewashwa, liko tayari. Unamuuzia gari na miaka ya kusubiri pia, na yote mawili yana bei.

Spana_17:
Dada yuko sahihi, ila niongeze la ufundi, kwa sababu bei haishikwi na jina peke yake.

Kwanza tuondoe uvumi: chesisi ya Morgan si ya mbao. Ni chuma. Mbao, ya mti wa ash, ni kiunzi cha bodi juu ya chesisi, kisha bati la alumini au la chuma linakunjwa na kupigiliwa juu ya kiunzi hicho. Kwa hiyo kila kitu kinafunguka. Madigadi yakigongwa, unafungua boliti na kufunga mengine. Mbao ikioza, fundi anakata kipande kipya kwa umbo lile lile. Chesisi ikiliwa na kutu, inabadilishwa. Gari la kiwanda kikubwa, ambalo bodi na fremu ni kitu kimoja kilichochomelewa, likifika hapo mara nyingi ni la kupelekwa kwenye vyuma chakavu. Hili halina siku ya kufa, na soko linajua.

Lakini hiyo hiyo ndiyo mitego. Ukienda kuliangalia, usianze na injini. Plus 8 lina V8 ya Rover, na vipuri vyake vimejaa. Fungua mlango nusu, shika ncha yake, uunyanyue taratibu. Bawaba zikicheza, sawa, hiyo ni kazi ndogo. Nguzo inayobeba mlango ikitembea pamoja nao, mbao ya chini imeshaoza, na hapo unazungumzia kuvua bodi. Gonga kizingiti kwa kifundo cha kidole na usikilize: mbao nzima inalia kavu, iliyooza inameza sauti. Kisha piga jeki mbele, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Sasipensheni ya mbele ni mtindo wa nguzo ya kuteleza ambao Morgan waliuanza na magari yao ya mwanzo kabisa, na inataka grisi mara kwa mara. Aliyesahau grisi amekula kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele linageukia.

Mimi nililipia somo hili. Gereji moja iliniuzia gari lenye rangi nzuri ajabu. Miezi minne baadaye nilivua zulia upande wa dereva nikakuta mbao imejazwa pati na kupakwa rangi nyeusi juu yake. Dole gumba lilizama mpaka kwenye ukucha. Tangu siku hiyo nataka picha za ukarabati, siyo maneno.

Saba_Nyepesi:
Nina Caterham mwaka wa tisa huu, niseme kidogo. Lotus Seven la Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, lilitoka 1957, na 1973 Caterham wakachukua haki ya kulitengeneza. Nalo halibadiliki sura, na ni jepesi mno, mengi yana kilo 500 na kitu. Zamani watu walilinunua vipandevipande na kuliunga nyumbani ili kukwepa kodi ya ununuzi. Kodi ile ilifutwa 1973 ilipokuja ya ongezeko la thamani, lakini utamaduni wa kuunga mwenyewe umebaki.

Linashika bei vizuri, ila mnunuzi wake ni wa aina nyingine. Wa Morgan anauliza mbao na risiti. Wa Seven anauliza injini gani, giaboksi gani, na limekimbizwa uwanjani mara ngapi. Angalia mirija ya chesisi kama imepinda, na rangi ya unga kama imepasuka pembeni ya vibano, kutu huingia hapo. Lililoungwa na mtu makini mwenye daftari lake na picha zake halina tofauti na la kiwandani. Lililoungwa haraka haraka utalijua kwenye nyaya.

Kipimo:
Nakala ya Cobra: kaa macho. Cobra halisi za miaka ya 1960, zile za kampuni ya Kiingereza ya AC na Mmarekani Carroll Shelby, zilikuwa takriban elfu moja tu. Nakala zake ni nyingi kupita kiasi, na kila moja ni mtoto wa baba wake. Bodi ya faiba, injini yoyote, chesisi ya yeyote. Tazama namba ya usajili: ikianza na Q, maana yake umri au asili ya gari haikuthibitishwa, na hilo linapunguza bei siku ya kuuza. Zipo nzuri sana, sikatai, lakini unanunua mikono ya mtu usiyemjua.

Na kwa jumla nawapinga kidogo wote. "Halishuki" kwa paundi za kwenye karatasi si sawa na kutopoteza. Hesabu mfumuko wa bei, bima, pa kulilaza pakavu. Halafu soko ni dogo: unaweza kukaa miezi ukimsubiri mtu mmoja. MX-5 lilianza 1989, yametengenezwa zaidi ya milioni moja, na la zamani limeshashuka mpaka chini. Unapoteza kidogo kwa sababu ulilipa kidogo. Mke wa ndugu yetu ana hoja.

Binti_Karakana:
Ana hoja kwenye hela, Kipimo, sibishi. Ila MX-5 likishaliwa na kutu kwenye vizingiti, gharama ya kulichomelea inapita bei ya gari. Morgan lenye ugonjwa kama huo lina thamani ya kutosha kubeba tiba yake, ndiyo maana watu hawayatupi.

Kaka, jambo moja zaidi: mwaka 2020 Morgan waliacha kabisa chesisi ya chuma ya mtindo ulioanza 1936. Mapya yana fremu ya alumini iliyogundishwa, ingawa mbao bado imo. Lile unalolitaka haliundwi tena.

Mwendo_Pole:
Asanteni sana wote. Jumamosi nilienda kuona Plus 8 mbili. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, muuzaji anasifu rangi. Nikanyanyua mlango kama Spana alivyosema. Nguzo ikatembea. Nikashukuru nikaondoka.

La pili ni la mzee mmoja, kijani iliyopauka, ngozi ya viti imepasuka. Milango inafunga kwa mlio mmoja mfupi. Kabla sijauliza akanitolea boksi la viatu: risiti tangu 1994, picha za mbao ya nyuma ikibadilishwa, na daftari la grisi alilojaza kwa mkono wake kila baada ya safari ndefu. Bei yake ni ya juu kuliko lile jekundu, na sikumwomba apunguze. Nimeacha amana. Mke wangu alikaa kiti cha abiria dakika kumi bila kusema neno, kisha akamuuliza mzee kama boksi la viatu nalo linakuja na gari.